Mama Yangu na Watu wa Banjo

Mama yangu alipokuja London alikuja na sanduku moja la nguo, mfuko wa dagaa wa Kigoma ambao mpaka leo sijui ulipitaje pale uwanja wa ndege, na msimamo wake. Dagaa waliisha upesi. Msimamo haujaisha.

Nilikuwa nimemlilia miaka aje. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, shifti za asubuhi na za jioni. Naishi Edmonton, ghorofa ya sita kwenye nyumba za kaunsili, yaani za halmashauri ya mtaa, na ndoa yangu iliisha kitambo, kila mtu akashika njia yake. Nikirudi na kufunga mlango, sauti pekee iliyokuwa ndani ni ya friji. Kwa hiyo Mama alipofika nikasema, haya, sasa nimepona. Kumbe yeye ndiye aliyekuja kuumwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mafua tu, yale ya Januari. Alilala wiki nzima. Watu wa kanisa letu, kanisa la Wakongo kule Peckham, walimwombea, sisemi hawakumwombea. Walituma ujumbe wa sauti kwenye simu, mwingine mrefu mpaka unamsikia mwombaji anapanda basi na kushuka. Lakini Peckham ni kusini ya jiji na Edmonton ni kaskazini kabisa, na mtu aliyetoka shifti ya usiku hana miguu ya kuvuka London nzima aje kukupa pole. Mimi nilielewa. Mama hakuelewa, wala hakutaka.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema, huku simu ikiendelea kumwombea juu ya mto. "Mahali ambapo ukikosa kuonekana hakuna anayekuja kugonga mlango, hapo umeshakufa, bado kuzikwa tu. Pasaka ikipita narudi Kigoma."

Kigoma yuko kaka yangu mkubwa. Sisi asili yetu ni Uvira, ng'ambo ya ziwa, lakini vita vilituvusha tukakulia kambini upande wa Tanzania, na kaka akaoa huko akabaki. Kila akipiga simu alisema kwa sauti tamu, "Mama akitaka kurudi, arudi tu, sisi tupo." Nilitamani kumkaba kupitia simu. Yeye ana mke, ana watoto, ana majirani wanaoazima chumvi. Mimi nina nani? Lakini Mama ukimbembeleza ndiyo anazidi, kwa hiyo nilinyamaza nikaacha siku ziende.

Basi Jumapili moja ya Februari, tukitoka kanisani, basi letu likafanya ule mchezo wa mabasi ya London: katikati ya safari sauti ya mashine ikatangaza kwamba basi linaishia hapa, abiria wote washuke. Kwa nini? Usiulize. Dereva anatazama mbele tu, hana habari na mtu. Tulikuwa Stoke Newington, manyunyu yanatupiga usoni, na Mama akaniambia maneno ambayo kila mwenye mzazi mzee anayaogopa.

"Nataka choo. Sasa hivi."

Palipokuwa wazi karibu ni baa. Sasa Mama ni mlokole, tena wa zamani, tangu kabla sijazaliwa hajakanyaga nyumba ya pombe. Alisimama mlangoni, akaitazama mvua, akaitazama baa, akasema, "Yesu anakijua kibofu changu," akaingia.

Nilinunua soda kwa ajili ya adabu nikamngoja kaunta. Nikangoja. Mtu hakai chooni hivyo, jamani. Nikaenda kumtafuta, na huko nyuma nikasikia muziki: nyuzi, nyuzi tupu, hakuna ngoma wala kinanda, zinafukuzana mbio. Nikasukuma mlango. Kulikuwa na watu wamekaa duara, magoti karibu yagusane, wameshika magitaa, banjo, mandolini, fidla, na lile besi kubwa ambalo mtu analipiga amesimama amelikumbatia. Nyuma yao duara la pili, wasikilizaji na bia zao. Na kwenye kiti cha duara la ndani, katikati ya wapigaji, mkoba mapajani, kilemba cha kitenge kichwani, amekaa mama yangu.

Kwetu mgeni anakaa mbele. Ukiingia kanisani mara ya kwanza ukajificha nyuma, mzee wa kanisa atakufuata akushike mkono akupeleke mbele, upende usipende. Mama alipotoka chooni akasikia nyimbo, akaona kiti kitupu cha mbele, akaelewa ni chake. Hakujua kwamba duara la ndani ni la wenye vyombo. Na wale Waingereza, hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia. Bora wafe.

Muziki ule unaitwa bluegrass, ni wa milimani huko kusini mwa Amerika, lakini hayo niliyajua baadaye. Baadaye pia niliujua utaratibu wake. Mmoja anaongoza, siku ile alikuwa mzee mwembamba wa gitaa, sweta limetoboka viwiko. Ubeti ukishaimbwa, anamtazama mmojawapo na kuinua kidevu. Huyo aliyeinuliwa kidevu anapiga peke yake, wenzake wanapunguza sauti wambebe. Akimaliza, kidevu kinahamia kwa mwingine. Kama hutaki unatikisa kichwa, zamu inapita, hakuna wa kukununia. Yote hayo bila neno.

Nikiwa bado nawaza nitamtoaje, mzee wa gitaa akainua kidevu. Kidevu kile kilikuwa cha mtu wa mandolini, aliyekaa nyuma kidogo ya bega la Mama. Lakini Mama alikiona kinakuja kwake, na Mama anakijua kidevu. Kanisani kwetu mchungaji anamtazama mgeni hivyo hivyo: haya, simama, utusalimu.

Akasimama. Akaweka mkoba kitini. Akainua mkono.

"Bwana asifiwe!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maana kwetu mtu hasalimu hivi hivi. Anaanza na pambio, na analianzisha kwenye sauti anayoitaka yeye, mpiga kinanda atajijua. Mama akaanzisha. Wimbo wao unakwenda huku, pambio la Mama linakwenda kule, ikawa vurugu mechi. Banjo zikanyamaza moja moja. Mtu wa mandolini alibaki mkono hewani. Mzee wa gitaa akatega sikio, akasogeza kile kibanio kinachobana nyuzi shingoni mwa gitaa, akajaribu, akasogeza tena. Akampata! Besi likaingia chini yake. Mapambio yetu hayana mambo mengi, yanazunguka na kurudi palepale, na kwa watu wale ulikuwa mteremko. Kabla Mama hajalirudia mara nyingi, duara zima lilikuwa ndani, na bibi mmoja wa fidla, mwenye mvi fupi na miwani ya kamba, alikuwa anamjibu mstari kwa mstari utadhani walilelewa kwaya moja.

Mama hakushangaa hata kidogo. Alidhani ndiyo kazi yao. Tena alishaona mchezo unavyochezwa, maana alipomaliza ubeti alimgeukia mtu wa banjo akamwinulia kidevu, na yule mtu, maskini, akapiga.

Kisha akahutubia. "Mwanangu yule pale atafasiri," alisema, vichwa vyote vikanigeukia. Ndivyo nilivyojikuta nimesimama kwenye baa, soda mkononi, nafasiri salamu za kanisa la Peckham kwa watu wenye bia. Kwamba yeye ni mama wa watoto, wengine wako hai, wengine wametangulia. Kwamba Mungu alimvusha ziwa, na sasa amemleta kwao. Kwamba anashukuru kwa nyimbo na kwa choo.

"Mama, na choo nikiseme?"

"Kiseme. Ndicho kilichonileta."

Nikakisema. Walipiga makofi, na bibi wa fidla akafuta miwani kwa kucheka.

Jumapili iliyofuata basi halikutufukuza, lakini tulipokaribia mahali pale Mama alibonyeza kengele mwenyewe.

"Tushuke kwa wale watu."

"Mama, ile ni baa."

"Nimesema baa mimi? Nimesema wale watu."

Ikawa desturi. Peckham asubuhi kwa Bwana, mchana Stoke Newington kwa watu wa banjo. Alibeba mandazi. Mwenye baa alikuja na uso wa kukataza chakula cha nje, akapewa andazi, akaondoka anatafuna, habari ikaishia hapo. Chai ya pale Mama aliionja mara moja akasema ni maji ya kuoshea vikombe. Kuanzia hapo akawa anakuja na chupa yake ya chai ya tangawizi, anawamiminia watu waliokuwa wameshika bia, nao walipokea kwa mkono wa pili.

Na mimi nilipapenda, niseme ukweli. Anayechelewa anajipenyeza na kiti chake wimbo ukiendelea, magoti yanasogea tu. Uzi ukikatika, jirani ana wa akiba, na atakufungia wakati wewe umeshikishwa gitaa lake usikose wimbo. Kulikuwa na bwana mmoja wa banjo aliyepiga vibaya, jamani, vibaya mpaka mimi nisiyejua kitu nilijua. Kidevu kilimfikia kama wengine. Alianguka kila Jumapili, na kila Jumapili wenzake walimshika hapo alipoangukia wakamfikisha mwisho, kisha mtu akampiga bega: vizuri, vizuri. Mama alimpenda kuliko wote. "Anapiga kama shemasi wetu anavyoimba," alisema, na shemasi wetu namjua, kwa hiyo sikubisha.

Rafiki yake hasa alikuwa bibi wa fidla. Yule anaongea Kiingereza, Mama anajibu Kiswahili, wanacheka pamoja mahali panapostahili. Mwanzo nilijitia kufasiri. Baadaye niliona nawachelewesha, nikawaacha nikanywa soda yangu.

Mwezi wa tatu walikuja wanamuziki kutoka Amerika kwenyewe, onyesho la tiketi, ukumbi wa juu wa baa ile ile. Bibi wa fidla alitununulia tiketi zetu na hakutaka kusikia habari ya kurudishiwa. Ukumbi ulijaa, na kila anayeingia alijuana na mwingine, wanakumbatiana, wanaulizana habari za mandolini kama mtu anavyouliza habari za watoto. Jukwaani walikuwa kundi zima na maikrofoni moja tu. Anayeimba anasogea mbele, anayepiga anasogea, mwenzake anajikunja kumpisha, huyu anapita nyuma ya yule, na hawagongani hata mara moja. Mama alinishika mkono.

"Watazame wanavyopishana," alininong'oneza. "Hakuna anayesukuma."

Wakati wa mapumziko wale wakubwa hawakujificha. Walishuka na vyombo vyao wakasimama pale kwenye ujia wa kwenda chooni wakapiga na watu wetu, hata yule bwana wa banjo mbovu akapiga. Ukitaka choo unapita chini ya fidla. "Kwetu mwimbaji mkubwa huwezi kumgusa, ana walinzi," Mama alisema. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nikaona hapa hapa, chuma kingali moto. Kwenye basi nikamwuliza kwa sauti ya kutojali, "Sasa Mama, hiyo safari ya Kigoma..."

Alinitazama. Mama ukimjaribu anakuona tangu mbali.

"Watu wa kucheka nao nimewapata," alisema. "Watu wa kuumwa nao bado sijawaona. Nitawapima."

"Utawapimaje?"

"Nitakosa."

Nikaelewa mara moja. Kule kwaya ya akina mama Uvira, ukikosa Jumapili, Jumatatu asubuhi wako uani kwako na unga na kuni, wanaimba kabla hujafungua mlango. Ndicho kipimo chake. Nikamwambia, "Mama, Waingereza hawaendi kwa mtu bila kuahidiana. Wanapeana tarehe, wengine wanaandika kwenye kalenda." Nikamwambia si ubaya, ndivyo walivyolelewa.

"Wanajua tunapokaa," alijibu. Na ni kweli. Siku moja ya mvua kubwa mzee wa gitaa alitupeleka kwa gari lake mpaka chini ya jengo, na Mama akamwonyesha dirisha letu kwa kidole: karibu, karibu wakati wowote. Mzee akasema asante, ingekuwa vizuri sana. Mimi nimeishi na Waingereza, naijua hiyo "ingekuwa vizuri sana", ni hapana ya adabu. Sikuifasiri yote.

Jumapili ya kwanza ya kukosa tulirudi kwa treni, tusipite pale. Jumatatu Mama alivaa kitenge chake cha sikukuu tangu asubuhi. Alikaanga mandazi, akajaza chupa ya chai, akapanga vikombe mezani, akakaa anautazama mlango. Nilikwenda shifti, nikarudi, bado amekaa. Jioni kengele ikalia. Moyo wangu! Nilikimbia nikajikwaa kwenye zulia. Alikuwa kijana wa kuleta vifurushi, ana mzigo wa jirani. Mama alimtazama kwa muda, akamwita ndani kwa mkono, akampa andazi na chai, maana chai imeshapikwa na mtu amegonga. Yule kijana alikula amesimama, akaaga kwa heshima zote.

Ujumbe ulikuja kwenye simu yangu, kutoka kwa mzee wa gitaa. Wametukosa, wanatumaini tuko salama. Nikamsomea Mama kwa shangwe.

"Amekuandikia wewe," alisema. "Aliyekosa ni mimi."

Nilishika simu mara ngapi nimpigie yule mzee nimwambie njoo, tafadhali, panda gari uje ugonge mlango huu, nitakulipia mafuta! Nikajizuia. Mtu akiitwa kuja kukujali, hajakujali. Hata mimi nalijua hilo. Nilikuwa na hasira nao. Nilikuwa na hasira na Mama pia, na hiyo mizani yake ya Uvira anayopimia watu wa Stoke Newington. Jumapili ya pili ikapita hivyo hivyo. Ujumbe mwingine, wenye picha ya ua. Mlango kimya.

"Mpigie kaka yako," Mama alisema, akaondoa vikombe mezani. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Mwambie baada ya Pasaka. Ila siondoki bila kuaga. Mimi si mwizi."

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata tulikwenda kuwaaga. Tulipoingia muziki ulikatika wenyewe, kitu ambacho sijawahi kukiona pale. Watu waliinuka na vyombo mikononi. Bwana wa banjo mbovu alimkumbatia Mama na banjo katikati. Mama akasubiri watulie, kisha akasimama, safari hii bila kidevu cha mtu, na bila pambio.

Aliwaambia kila kitu. Kwamba aliwapenda. Kwamba alikosa makusudi, akavaa, akapika, akakaa. Kwamba kwao mtu akikosa anatafutwa, na yeye ni mzee, hawezi kuishi mahali ambapo akianguka jikoni atagunduliwa kwa harufu. Nilifasiri, na sikupunguza makali. Yalikuwa maneno yangu pia. Yeye alikuwa na mimi. Mimi nikizeeka kwenye ile ghorofa ya sita nitakuwa na nani?

Hakuna aliyecheka. Mzee wa gitaa alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akainama, akafungua sanduku la gitaa, akatoa bahasha. Ndani kadi ya pole, imesainiwa na duara zima, kila mtu na neno lake. Walikuwa hawana uhakika kama ni sahihi kuituma. Halafu akasema jambo ambalo nilimwomba alirudie, nisije nikakosea kulifasiri. Alikuja. Jumatatu ile ya kwanza, jioni, aliendesha mpaka Edmonton na kadi, akasimamisha gari chini, akaona taa yetu inawaka. Akakaa garini muda mrefu. Akaona labda tunakula, labda tumechoka, akarudi nyumbani. Hakutaka kusumbua.

Nilimfasiria Mama. Alikaa chini.

"Alifika chini?"

"Alifika, Mama."

"Na taa akaiona?"

"Aliiona."

"Mimi nimekaa na chai juu, yeye amekaa na kadi chini." Alimtazama yule mzee kwa huruma kabisa, kama anavyomtazama mtoto mwenye homa. "Kumbe hawa watu si kwamba hawajali. Wanaogopa milango!"

Nilipofasiri hiyo, mtu wa besi akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli.

Nilidhani sasa tutaimba, tutalia kidogo, mambo yataisha vizuri. Lakini Mama alikuwa ameanza kulikagua duara kwa macho, mtu kwa mtu.

"Bibi wa fidla yuko wapi?"

Wakatazamana. Hajaja. Jumapili iliyopita pia hakuja. Wamemwandikia, amejibu yuko sawa tu, ana shughuli.

"Nani amekwenda kumwona?"

Sikuhitaji hata kufasiri. Kila mmoja aliinamia chombo chake. Mama akachukua koti lake.

"Anakaa wapi? Twende."

"Labda tumpigie kwanza," mzee wa gitaa alisema.

"Asimpigie," Mama akaniambia. "Akimpigia atasema yuko sawa."

Yule bibi anakaa Tottenham, safari fupi ya basi. Tulikwenda karibu wote, maana Mama alipotoka mlangoni hawakujua wafanye nini zaidi ya kumfuata. Besi liliwekwa pale mahali pa vigari vya watoto, mwenye besi amelishikilia, na bibi mmoja mwenye toroli la sokoni akatugombeza njia nzima. Tulipofika, mzee wa gitaa alitangulia mpaka kwenye mlango, akainua kidole kwenye kengele, kidole kikabaki hapo hapo. Mtu mzima! Mama alimsogeza kwa kiwiko, akainama kwenye kile kijidirisha cha barua, akaita kwa sauti yake ya kwaya.

"Hodi! Hodi hapa!"

Kimya. Akaita tena. Tukasikia miguu. Mlango ukafunguka nusu, bibi wa fidla amevaa gauni la kulalia mchana kweupe, nywele hazijachanwa, mkono wa kushoto una plasta kuanzia vidoleni mpaka kiwikoni. Alitutazama, kundi zima na masanduku yetu, akaanza kusema hapana, nyumba ni chafu, samahani, samahani. Mama alishapita. Tulimkuta jikoni, ameshakunja mikono, anaosha vyombo ambavyo mtu wa mkono mmoja hawezi kuviosha.

Alikuwa ameteleza bafuni. Daktari hakumwahidi kwamba vidole vitarudi kama zamani. Na kama hatapiga tena, alituambia amekaa kwenye ngazi, kwa nini aje? Atakaa duarani na nini mkononi? Hakutaka kuja kukaa nyuma na wasikilizaji tuje tumwonee huruma. Mzee wa gitaa alijikalia naye kwenye ngazi, akamshika ule mkono mzima.

Nilimfasiria Mama kutoka mlangoni mwa jikoni. Hakugeuka hata. "Mwulize, mimi huwa nakaa na nini mkononi?"

Nikamwuliza. Bibi akatafakari. "Mkoba," akasema, na hapo akacheka, halafu kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekuwa anakibana muda mrefu. Na mimi nikalia, sioni haya kusema. Bwana wa banjo, kwa kukosa pa kuweka macho, akafungua sanduku akaanza kupiga hapo kwenye ujia, vibaya kama kawaida, na wengine wakamfuata.

Kaka alipiga simu katikati ya wiki. Anataka kujua tiketi tumekata ya lini, aende kumpokea. Mama alikuwa jikoni anafunika sufuria la sombe, yale majani yetu ya muhogo, kwa karatasi ya foili, koti amelivaa tayari.

"Mama, kaka anauliza tiketi."

"Mwambie nina mgonjwa."

Nikamwambia.

"Mgonjwa?" kaka akasema. "Mgonjwa gani? Mama ana ndugu gani London?"

"Bibi mmoja wa Tottenham. Amevunjika mkono."

Tulilelewa na mwanamke mmoja, mimi na yeye. Kambini tulilala njaa tukijua chakula kimekwenda kwa mgonjwa wa hema la tatu. Nilisikia watoto wake wanapiga kelele nyuma yake, akawaambia wanyamaze.

"Basi," alisema mwishowe, taratibu. "Huyo harudi tena."

Nilikata simu nikajifungia chooni nikalia kwa furaha, maana jikoni Mama angeniona, angeniuliza nani amekufa, na angechelewa basi.